Kutoka Uanagenzi hadi Uongozi: Njia za Kupanda Kitaaluma kwa Wauguzi wa Afrika Mashariki Waliofunzwa Ujerumani

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna muuguzi kutoka Afrika Mashariki anavyoweza kupanda kitaaluma baada ya kuhitimu mafunzo ya kazi ya uuguzi nchini Ujerumani. Yanaeleza muundo wa mafunzo yenyewe, milango tofauti ya kuingilia taaluma hiyo, njia nne za kupanda baada ya kupata cheti, uhusiano wa ngazi hizo na mshahara na hati ya ukaazi, na thamani ya ngazi hizo mhitimu anaporejea nyumbani. Hoja kuu ni kwamba cheti cha Ujerumani humfikisha mhitimu kwenye ngazi lakini hakimpandishi. Ili kufikia karibu kila kipandio cha juu, sharti apite malango matatu: saa za masomo ya ziada, miaka ya utumishi na uteuzi wa mwajiri. Malango mawili ya kwanza yameandikwa katika sheria na kanuni. La tatu kwa kiasi kikubwa halijaandikwa, na ndilo gumu zaidi kwa mgeni.

1.0 Utangulizi

Tarehe 13 Septemba 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya ushirikiano katika masuala ya uhamaji na ajira. Hata kabla ya hapo, neno la Kijerumani Ausbildung, lenye maana ya mafunzo ya kazi, lilikuwa limekwisha kuzoeleka miongoni mwa vijana wa Nairobi wanaojifunza Kijerumani. Kwa wengi wao, taaluma inayotajwa kwanza ni uuguzi. Sababu yake inajulikana: idadi ya wazee nchini Ujerumani inaongezeka, na hospitali, makao ya wazee na huduma za uuguzi wa nyumbani zina upungufu wa watumishi.

Mazungumzo kuhusu njia hii hujikita zaidi katika kuondoka: ada ya kozi ya lugha, mtihani wa kiwango cha B1 au B2, mkataba wa mafunzo na viza. Yanayofuata baada ya kuhitimu huelezwa kwa uchache, ilhali ndiyo yanayoamua thamani ya uamuzi wenyewe. Kijana wa miaka 20 anayechagua uanagenzi wa uuguzi Ujerumani huacha njia nyingine, ambayo kwa kawaida ni stashahada au shahada ya uuguzi katika chuo cha nyumbani. Anayo haki ya kufahamu njia aliyoichagua itamfikisha wapi atakapokuwa na miaka 30 au 40, iwe atabaki huko au atarejea.

Makala haya yanahusu zaidi wahitimu wa mafunzo ya miaka 3 wanaotoka Kenya na Tanzania. Neno "mwanagenzi" linatumika kwa maana ya mtu anayejifunza kazi akiwa na mkataba wa mafunzo na mwajiri, na "muuguzi kamili" kwa maana ya mhitimu aliyefaulu mtihani wa serikali wa mafunzo hayo.

2.0 Mafunzo na Cheti Kinachopatikana

Sheria ya Taaluma za Uuguzi ya Ujerumani ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Kabla yake kulikuwa na mafunzo ya aina tatu yaliyotenganishwa: uuguzi wa wagonjwa, uuguzi wa watoto na uuguzi wa wazee. Sheria hiyo iliyaunganisha kuwa mafunzo ya jumla ya miaka 3, au hadi miaka 5 kwa anayesoma kwa muda usio kamili. Mwanagenzi husoma angalau saa 2,100 darasani na kufanya angalau saa 2,500 za kazi ya vitendo, jumla saa 4,600.

Saa za vitendo zimegawanywa kwa makusudi. Mwanagenzi hupitia wodi za hospitali, makao ya wazee na uuguzi wa nyumbani, saa 400 kila mahali, na pia hupitia huduma za watoto na za afya ya akili. Katika kila kituo, angalau asilimia 10 ya muda wake wa vitendo lazima iwe ya kuelekezwa rasmi na muuguzi aliyesomea kazi ya kuwaelekeza wanagenzi. Mwishoni kuna mtihani wa serikali wenye sehemu tatu: ya maandishi, ya mdomo na ya vitendo. Anayefaulu huruhusiwa kutumia jina la taaluma linalolindwa na sheria, Pflegefachfrau kwa mwanamke au Pflegefachmann kwa mwanamume.

Mambo mawili kuhusu cheti hiki yana uzito mkubwa katika safari ya baadaye. La kwanza ni mamlaka yanayoambatana nacho. Sheria ya 2020 ilitenga kazi ambazo muuguzi kamili pekee ndiye anayeruhusiwa kuzifanya: kutathmini mahitaji ya uuguzi ya mgonjwa, kupanga na kusimamia mwenendo wa uuguzi, na kupima ubora wake. Msaidizi, hata awe na uzoefu wa miaka 15, hawezi kukabidhiwa kazi hizo. Kwa hiyo kati ya msaidizi na muuguzi kamili kuna mpaka wa kisheria ambao miaka ya kazi peke yake haiuvuki.

La pili ni uchaguzi wa mwaka wa tatu. Sheria humruhusu mwanagenzi mwenye mkataba unaohusika kuchagua kuhitimu kwa jina maalumu la muuguzi wa wazee au muuguzi wa watoto badala ya jina la jumla. Cheti cha jumla hutambuliwa moja kwa moja katika nchi zote za Umoja wa Ulaya kwa mujibu wa Maelekezo ya Umoja huo ya mwaka 2005 kuhusu utambuzi wa taaluma. Majina hayo mawili maalumu hayana nafasi hiyo. Mwanagenzi anayetarajia siku moja kufanya kazi Austria au Uholanzi, au anayetaka cheti kitakachoeleweka kwa urahisi nje ya Ujerumani, hupoteza mengi akichagua jina maalumu kwa sababu tu kituo chake cha mafunzo ni makao ya wazee.

3.0 Milango ya Kuingilia

Watu wa Afrika Mashariki huingia katika uuguzi wa Ujerumani kwa milango mitatu, na kila mlango humweka mtu mahali tofauti kwenye ngazi.

Mlango wa kwanza ni uanagenzi wa miaka 3. Shule haitozi ada, kwa kuwa sheria inakataza, na mwanagenzi hulipwa posho ya mafunzo. Katika taasisi zinazofuata mkataba wa pamoja wa watumishi wa umma, posho hiyo kuanzia Machi 2024 ilikuwa euro 1,340.69 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, euro 1,402.07 katika mwaka wa pili na euro 1,503.38 katika mwaka wa tatu, kabla ya makato.

Mlango wa pili ni usaidizi wa uuguzi. Mafunzo yake ni mafupi, kwa kawaida ya mwaka 1 hadi 2, na taratibu zake zimekuwa zikitofautiana kati ya jimbo na jimbo. Huwafaa wenye elimu fupi ya shule na wanaohitaji muda zaidi wa kujenga lugha, na mhitimu anaweza baadaye kujiunga na mafunzo ya muuguzi kamili, mara nyingine akipunguziwa muda. Hatari yake ni kuridhika na kipato cha mwanzo na kubaki chini ya mpaka wa kisheria uliotajwa katika sehemu ya 2.0.

Mlango wa tatu ni wa muuguzi ambaye tayari ana stashahada au shahada na leseni ya nyumbani. Huyu hahitaji kuanza upya. Anaweza kuomba mamlaka ya jimbo ilinganishe elimu yake na ya Ujerumani. Pengo likionekana, hulizibwa kwa mtihani wa maarifa au kwa kozi ya kujazia. Tangu Machi 2024 sheria inamruhusu pia kuingia nchini na kufanya kazi wakati utambuzi unaendelea, kwa makubaliano maalumu na mwajiri, iwapo ana Kijerumani cha angalau kiwango cha A2 na elimu ya taaluma ya angalau miaka 2.

Hutokea hata hivyo kwamba wauguzi wenye stashahada huingia kwa mlango wa kwanza, ama kwa ushauri wa mawakala ama kwa kuogopa urasimu wa utambuzi. Wanapofanya hivyo, hutumia miaka 3 kujifunza tena kupima shinikizo la damu na kutandika kitanda cha mgonjwa, na hulipwa posho badala ya mshahara. Kwa baadhi yao uamuzi huo una mantiki, kwa kuwa lugha hukua na mitandao ya kazi hujengeka. Lakini ufanywe baada ya kupima, si kwa kutojua kwamba mlango wa tatu upo.

4.0 Njia Nne za Kupanda

Katika utumishi wa umma wa Tanzania, cheo cha muuguzi hufuata kwa karibu kiwango cha elimu: Muuguzi kwa mwenye astashahada, Afisa Muuguzi Msaidizi kwa mwenye stashahada, Afisa Muuguzi kwa mwenye shahada. Anayetaka kupanda kundi hurudi chuoni. Ujerumani mfumo una sura nyingine. Baada ya cheti cha muuguzi kamili, njia hugawanyika, na sehemu kubwa ya kupanda hufanyika mtu akiwa kazini.

4.1 Ubobezi wa kitabibu

Njia hii humpeleka muuguzi kwenye maeneo kama wagonjwa mahututi na usingizi wa upasuaji, huduma za dharura, saratani, afya ya akili au uuguzi wa magonjwa ya wazee. Ubobezi wa wagonjwa mahututi na usingizi, kwa mfano, kwa kawaida huchukua miaka 2 sambamba na kazi. Mapendekezo ya Shirikisho la Hospitali za Ujerumani yaliweka kiwango cha angalau saa 720 za nadharia na saa 1,800 za vitendo. Huu si ujuzi wa juujuu. Muuguzi aliyeumaliza husimamia mashine za kupumulia, hutambua mapema dalili za mgonjwa kuzidiwa, na maneno yake husikilizwa daktari anapofanya uamuzi.

4.2 Ufundishaji kazini

Njia ya pili ni kuwa mwelekezi wa wanagenzi. Kanuni za mafunzo zinataka angalau mwaka 1 wa uzoefu wa kazi, kozi ya ualimu wa kazi ya angalau saa 300, na baada ya hapo saa 24 za kujiendeleza kila mwaka. Kati ya njia zote nne, hii ndiyo fupi. Tena mahitaji yake ni ya kudumu, kwa kuwa sheria inailazimisha kila taasisi ya mafunzo kutoa ile asilimia 10 ya maelekezo, na haiwezi kufanya hivyo bila waelekezi wenye sifa. Kwa muuguzi aliyefika kama mgeni, njia hii ina faida ya ziada: humtoa katika nafasi ya kuelekezwa na kumweka katika nafasi ya kuelekeza. Mwanagenzi anayefika kutoka Kisumu au Arusha hunufaika akimkuta mwelekezi anayejua kwa nini mgeni hunyamaza asipoelewa, badala ya kuuliza.

4.3 Uongozi

Njia ya tatu huanzia unaibu wa kiongozi wa wodi, hupanda hadi uongozi wa wodi, kisha uongozi wa huduma nzima ya uuguzi. Katika makao ya wazee na huduma za uuguzi wa nyumbani, sheria ya bima ya uuguzi inamtaka muuguzi kiongozi mwenye dhamana awe na angalau miaka 2 ya kazi ndani ya miaka 8 iliyopita, pamoja na kozi ya uongozi ya angalau saa 460. Masharti hayo hayataji shahada. Kwa hiyo mwanagenzi aliyeanza akiwa na miaka 20 anaweza, kwa hesabu ya sheria pekee, kuwa na sifa za kuongoza huduma ya uuguzi wa nyumbani kabla ya kutimiza miaka 30.

4.4 Chuo kikuu

Njia ya nne ni masomo ya shahada. Mwaka 2009 mawaziri wa elimu wa majimbo ya Ujerumani waliafikiana kwamba mtu aliyehitimu mafunzo ya kazi ya angalau miaka 2 na kufanya kazi hiyo kwa angalau miaka 3 apewe fursa ya kusoma chuo kikuu katika fani inayohusiana, hata kama cheti chake cha sekondari hakikumpa sifa. Jambo hili lina uzito kwa Mkenya au Mtanzania ambaye alama zake za kidato cha nne au cha sita hazikutosha kuingia chuo kikuu cha Ujerumani moja kwa moja. Milango inayofunguka ni pamoja na sayansi ya uuguzi, ualimu wa uuguzi na usimamizi wa huduma za afya.

5.0 Mshahara na Hati ya Ukaazi

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara: mshahara kuongezeka na mtu kupanda. Katika mkataba wa pamoja wa watumishi wa umma, muuguzi kamili huwekwa katika daraja P7. Ndani ya daraja hilo kuna hatua za uzoefu, na mtumishi husogea kutoka hatua moja hadi nyingine kwa kupita miaka tu. Mwelekezi wa wanagenzi anayeifanya kazi hiyo huwekwa P8, na mbobezi anayefanya kazi ya ubobezi wake P9. Nafasi za uongozi huanzia P10 kwenda juu. Sharti la "anayefanya kazi hiyo" ndilo la kuzingatia, kwa kuwa cheti cha ubobezi kilichohifadhiwa nyumbani hakibadilishi daraja mpaka mwajiri atoe nafasi inayolingana nacho.

Nje ya mikataba hiyo, kuna kima cha chini cha mshahara katika huduma za uuguzi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2025 kilikuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi asiye na mafunzo rasmi, euro 17.35 kwa msaidizi mwenye mafunzo ya angalau mwaka 1, na euro 20.50 kwa muuguzi kamili. Tofauti ya euro 1.25 kati ya wasaidizi wawili, ikilinganishwa na euro 3.15 kutoka msaidizi mwenye mafunzo hadi muuguzi kamili, inaonyesha mahali mfumo unapoweka thamani.

Upande wa ukaazi, mhitimu wa mafunzo ya Ujerumani ana nafasi bora kuliko anayetambuliwa kwa elimu ya nje. Anaweza kuomba kibali cha ukaazi wa kudumu baada ya miaka 2 ya kazi katika taaluma yake na miezi 24 ya michango ya pensheni, akitimiza masharti mengine, ilhali mtaalamu aliyesomea nje husubiri miaka 3. Kibali hicho ni cha mtu mwenyewe na hakimfungi kwa mwajiri fulani. Kabla ya kukipata, muuguzi anayeona amenyimwa nafasi ya kupanda hutafakari mara mbili kuhama, kwa kuwa kubadili ajira kunaweza kuhusisha mamlaka ya wageni. Baada ya kukipata, anaweza kujadiliana akiwa na nguvu.

6.0 Lango Lisiloandikwa

Saa na miaka huhesabika. Uteuzi hauhesabiki kwa namna hiyo. Kozi ya ubobezi au ya uelekezi huchukua muda wa kazi na hugharimu fedha, na kwa kawaida mwajiri ndiye anayelipa na kupanga zamu kuizunguka. Kwa hiyo kiongozi wa wodi hupendekeza majina, na uongozi wa juu huamua. Hapa muuguzi mgeni hukutana na mambo ambayo hayapo kwenye kanuni yoyote.

Jambo la kwanza ni lugha baada ya mtihani wa lugha. Cheti cha B2 humwezesha mtu kuajiriwa, lakini wodi humpima kwa mambo mengine: taarifa anayoiandika kwenye jalada la mgonjwa, namna anavyokabidhi zamu, simu anayompigia daktari usiku, na jinsi anavyozungumza na jamaa wa mgonjwa mwenye hasira. Muuguzi hodari wa mikono ambaye huwaachia wenzake kazi ya kuandika na kupiga simu huonekana msaidizi mzuri, na jina lake halitajwi kozi zinapogawanywa.

Jambo la pili ni zamu. Zamu za usiku huvutia kwa sababu ya nyongeza ya malipo, na mwenye familia ya kusaidia nyumbani huona faida yake upesi. Lakini mikutano ya wodi, ziara za madaktari, mafunzo mafupi na maelekezo ya wanagenzi hufanyika mchana. Anayekaa usiku kwa miaka hupata fedha, huku wale wanaopendekeza majina wakimwona kwa nadra.

Jambo la tatu ni adabu. Katika malezi ya watu wengi wa Afrika Mashariki, kuomba cheo ni kujikweza, na mdogo husubiri mkubwa amwone. Katika kazi za Ujerumani, kunyamaza hufasiriwa kuwa ni kutosheka. Taasisi nyingi huwa na mazungumzo ya kila mwaka kati ya mtumishi na kiongozi wake, na hapo ndipo inapotarajiwa mtumishi aseme wazi: kozi ipi, mwaka upi, kwa sababu ipi. Kusema hivyo hakuhesabiwi kuwa utovu wa heshima.

Jambo la nne ni ubaguzi, ambao upo na hauwezi kufunikwa kwa kuuita tatizo la lugha. Wako wagonjwa wanaokataa kuguswa na muuguzi mweusi, na wako viongozi ambao humwona mgeni kuwa mtu wa kujaza pengo la zamu tu. Sheria ya Usawa ya Ujerumani ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kazini, ikiwa ni pamoja na katika kupandishwa cheo na kupewa mafunzo. Chombo kilicho karibu zaidi, hata hivyo, ni baraza la wafanyakazi. Mahali lilipo, lina haki kisheria ya kushirikishwa katika uteuzi wa wanaopelekwa mafunzoni. Hospitali za umma zina chombo cha aina hiyo chini ya sheria yake, na taasisi za makanisa, kama zile za Caritas na Diakonie, zina uwakilishi wa watumishi chini ya kanuni zake. Muuguzi anayedhani kwamba hana pa kupeleka hoja yake mara nyingi hajaelezwa kwamba chombo hicho kipo.

Ipo pia njia ya kupunguza nguvu ya lango hili. Mfuko wa serikali uitwao Aufstiegs-BAföG hugharamia kozi za kupanda kitaaluma kwa wanaotimiza masharti. Ada hadi euro 15,000 inaweza kugharamiwa, nusu yake ikiwa ruzuku na nusu mkopo. Mwajiri anapolipa yeye, mkataba mara nyingi huwa na kifungu kinachomtaka muuguzi kubaki kwa muda fulani au kurejesha gharama. Kifungu hicho kisomwe kabla ya kutia saini, si siku ya kutaka kuhama.

7.0 Ngazi Hizi Nyumbani

Wengi huondoka wakiwa na nia ya kurejea. Hapo swali hubadilika: vipandio vya Ujerumani vina thamani gani mbele ya Baraza la Wauguzi la Kenya au Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania? Mambo matatu yanapaswa kufahamika mapema.

Kwanza, ukunga. Mafunzo ya kawaida ya muuguzi Afrika Mashariki huunganisha uuguzi na ukunga, kwa kuwa muuguzi wa zahanati huzalisha. Ujerumani ukunga ni taaluma tofauti kabisa, na tangu mageuzi ya mwaka 2020 husomewa chuo kikuu. Mhitimu wa uuguzi wa Ujerumani anaweza kumhudumia mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, lakini hajafunzwa kumzalisha mama. Hilo si kasoro ya mafunzo. Kila nchi hufunza muuguzi kwa ajili ya wagonjwa wake. Hata hivyo, ni pengo ambalo baraza la nyumbani halina budi kuliona, kama mamlaka za Ujerumani zinavyoona pengo la uuguzi wa wazee kwa Mtanzania.

Pili, namba za viwango. Cheti cha muuguzi kamili kimewekwa katika kiwango cha 4 kati ya 8 cha mfumo wa sifa wa Ujerumani. Stashahada ya Tanzania ni kiwango cha 6 cha mfumo wa elimu ya ufundi wa nchi hiyo, ambao una viwango 10. Anayelinganisha 4 na 6 bila kufahamu kwamba mifumo ni tofauti atamshusha mhitimu isivyo haki. Hoja yenye nguvu zaidi ni saa 4,600 na masomo yenyewe, yakiorodheshwa moja baada ya jingine.

Tatu, uthibitisho wa mamlaka. Mabaraza ya Afrika Mashariki husajili wauguzi na kuhuisha leseni, na humtaka anayetoka nje alete uthibitisho kutoka baraza la huko. Ujerumani haina baraza moja la kitaifa la wauguzi. Vyama rasmi vya kitaaluma vyenye hadhi ya kisheria vipo katika majimbo machache tu, kama Rheinland-Pfalz na Nordrhein-Westfalen. Barua ya kuthibitisha sifa na mwenendo mwema hutolewa na mamlaka ya jimbo lililotoa ruhusa ya kutumia jina la taaluma. Mhitimu asipolijua hili anaweza kuhangaika kwa miezi akitafuta ofisi ambayo haipo.

Uraia nao una sehemu yake. Tangu tarehe 27 Juni 2024, Ujerumani inamruhusu anayepewa uraia wake kubaki na uraia wa awali, na muda wa kawaida wa kuishi nchini kabla ya kuomba umepungua kutoka miaka 8 hadi 5. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakubali uraia pacha. Sheria ya Uraia ya Tanzania haiukubali kwa mtu mzima. Kwa hiyo wauguzi wawili waliosoma darasa moja mjini Leipzig wanaweza kupata fursa ileile siku ileile, mmoja akaongeza pasipoti na mwenzake akalazimika kuchagua kati ya kupanda huko na kurejea kwao kama mwananchi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mafunzo ya uuguzi Ujerumani yana ngazi halisi, na kwamba vipandio vyake vinafikika kwa asiye na shahada kuliko inavyodhaniwa: saa 300 kwa mwelekezi, takriban miaka 2 kwa mbobezi, saa 460 na miaka 2 ya kazi kwa kiongozi wa huduma, miaka 3 ya kazi kwa anayetaka chuo kikuu. Yameonyesha pia kwamba saa na miaka hazitoshi bila uteuzi, na kwamba uteuzi hutegemea mambo ambayo mwanagenzi anaweza kuyaandaa tangu mwaka wake wa kwanza: kuandika taarifa mwenyewe, kutokaa usiku daima, kusema anachotaka na kulijua baraza la wafanyakazi.

Kutokana na ufafanuzi huu, mambo manne yanapendekezwa. Vyuo vya lugha na mawakala wa Afrika Mashariki wawaeleze waombaji kuhusu milango yote mitatu, hususani wauguzi ambao tayari wana leseni. Mwanagenzi achague jina la jumla la taaluma isipokuwa ana sababu nzito ya kutofanya hivyo. Mhitimu aombe shule yake, kabla ya kuondoka mjini hapo, orodha kamili ya masomo na saa za nadharia na vitendo, yenye muhuri. Mwisho, mabaraza ya uuguzi ya Kenya na Tanzania yaandae mapema utaratibu wa kuwapokea wanaorejea, pamoja na kozi fupi ya ukunga kwa wanaotaka kufanya kazi katika vituo vya afya na zahanati. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi zenye uhitaji mkubwa wa watumishi wa afya. Nchi ya namna hiyo haiwezi kumwacha mbobezi wa wagonjwa mahututi akae mapokezi kwa sababu tu cheti chake kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyejiandaa kuisoma.